Choo cha Sokoni na Mikono ya Wauza Miraa

Wasomaji wetu wa Igembe, leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni choo cha sokoni.

Kangeta ina sifa kwa miraa, hata namna moja ya miraa huitwa kwa jina lake. Miraa haipikwi. Huchumwa, hufungwa mabunda, huvikwa majani ya mgomba isikauke, na mlaji huitafuna mbichi, mara nyingi bila kuiosha. Basi uchafu wa mkono wa mfungaji waweza kufika kinywani mwa mnunuzi, awe Maua au Nairobi. Kipindupindu, kilichoingia Kenya mwaka 1971, na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo.

Wako wasemao ya kuwa choo cha shimo huleta nzi, heri kichaka. (Kana kwamba kichakani nzi hubisha hodi!) Kibanda na kiwe na giza ndani, na bomba litoke shimoni hadi juu ya paa, mdomo wake ufunikwe wavu wa waya. Upepo huvuta harufu juu. Nzi nao hufuata mwanga wa bomba, wakanaswa wavuni.

Maji na sabuni viwe mlangoni pa choo, si ng'ambo ya soko. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chataja usafi kuwa haki ya kila mtu, na masoko ni kazi ya serikali ya kaunti. Mwuzaji alipaye ushuru akikosa choo, na aende akaulize.