Najum SIO Chawa, Acheni Hizo!

Kuna mastaa wa mitandaoni, kuanzia Tarime mjini mpaka Mugumu, majina kapuni, wanamuita Najum "chawa wa Bwana Msa". Jamani! Najum yupo na mpelelezi huyo wa Zanzibar tangu Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960. Anauliza, anakisia, anakosea, anauliza tena. Chawa hana swali, ana makofi tu! Bila Najum, Bwana Msa angebaki anavuta kiko kimyakimya na msomaji hajui kesi imefika wapi. Watson kwa Sherlock Holmes kazi ilikuwa hiyo hiyo, mbona yeye hatukanwi? Halafu wanaosema ndio wale wakinunuliwa nyama choma wanasifia mpaka viatu vya bosi. Waulizwe kwanza, kitabu wameishia ukurasa wa ngapi?