Mizani ya Haki katika Kupandikiza Ini: Tutazame kutoka Masasi na Newala

Kila sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, masuala mawili yanarudi mara kwa mara katika familia zetu. La kwanza: inafaa mtu kutoa sehemu ya ini lake kwa ndugu yake? La pili: inafaa zaka kumpeleka mgonjwa India? Tutayajibu yote mawili. Lakini lipo la tatu ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni zito zaidi: ni nani hasa anayefika mahali pa kuuliza hayo mawili?

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Wengi wetu visiwani tuna jamaa huko, na huko masafa ya tiba yanaonekana waziwazi.

Tuanze na hali ilivyo. Nchini kwetu upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kwa ini, njia waliyoizoea wagonjwa wetu ni ya India. Gharama yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi, na baada yake mgonjwa hutumia dawa maisha yake yote ili mwili usilikatae ini jipya. Juu ya hayo, sheria ya India ya mwaka 1994 inataka mtoaji aliye hai kwa kawaida awe jamaa wa karibu, na mgeni athibitishiwe udugu huo na ubalozi wake. Viungo vya waliofariki huanza kwa raia wao. Kwa hiyo mgonjwa wetu huenda na fedha, na pia na ndugu mwenye afya, damu inayooana, pasipoti, na uwezo wa kukaa nje wiki nyingi.

Sasa mtazameni mkulima wa korosho wa Newala. Fedha yake huonekana minada inapofunguliwa, kuanzia Oktoba. Akiumwa kabla ya hapo, wapo wanaolazimika kuuza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, kwa utaratibu unaoitwa kangomba. Tumbo likijaa maji na macho yakiwa manjano, ataanza zahanati, aende hospitali ya wilaya, kisha Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ndipo apewe rufaa ya Muhimbili, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Kila hatua ina nauli, na kila nauli ina siku zilizopotea. Huyu hakukataliwa na jopo lolote la madaktari. Ametolewa katika orodha kabla jina lake halijaandikwa.

Wenzetu wenye huduma hii wameifikiria haki kwa undani. Marekani, tangu mwaka 2002, ini la aliyefariki hugaiwa kwa alama zinazotokana na vipimo vya damu, ili aliye karibu zaidi na kifo atangulie. Huo ni uadilifu mzuri, lakini unaanzia kwa aliyekwisha kuandikishwa. Kwetu dhulma iko kabla ya hapo.

Na iko nyuma zaidi. Maradhi mengi yanayoua ini barani kwetu hutokana na homa ya ini aina ya B. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi hawakuipata. Dawa ya tenofovir huvizuia virusi hivi kwa miaka, nayo imo katika vidonge wanavyopewa bure wenye VVU. Mwenye homa ya ini peke yake mara nyingi hujitafutia mwenyewe. Ndiyo maana tunasema: kupimwa na kupata dawa mapema ni haki iliyo karibu kuliko India, na inaokoa wengi zaidi.

Liko pia la ulimi. Kusini, mabibo hutengenezwa pombe iitwayo uraka, na mtu akivimba tumbo majirani humhukumu mlevi. Wapo wagonjwa wa ini ambao hawajawahi kuonja pombe. Na aliyekunywa akatubia, toba yake ni baina yake na Mola wake. Daktari atazame kama tiba itamfaa. Sisi hatukupewa kazi ya kugawa uhai kwa kuchunguza madhambi.

Tuje kwenye hukumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah Februari 1988, ilijuzisha kupandikiza viungo kwa masharti, na ikakataza kuviuza. Wapo wanazuoni waliopinga, akiwemo Sheikh Mutawalli al-Shaarawi wa Misri, nao tunawaheshimu. Sisi tunaona inafaa mtu mzima kutoa sehemu ya ini, kwa kuwa hukua tena, madhali ameridhia kwa hiari na madaktari waaminifu wamethibitisha kuwa hatadhurika kwa kiasi kisichokubalika. Kijana asishurutishwe na wazee wa ukoo, na mke asitishwe kwa talaka. Na kununua ini la maskini ni haramu, hata likiitwa zawadi.

Ama zaka, mgonjwa fakiri au mwenye deni la matibabu anaingia katika mafungu yaliyotajwa katika Surat al-Tawba, aya ya 60. Lakini kamati za misikiti ziogope kumpa kila mara mwenye jina na jamaa wengi wa kumsemea. Surat Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutaka elimu wakati wakubwa wa Makureshi wakishughulikiwa. Ziwepo kanuni zilizoandikwa: ukubwa wa haja, matumaini ya tiba, na idadi ya watakaonufaika. Huenda fedha za safari moja zikawapima na kuwatibu watu wa vijiji kadhaa. Hatusemi aliye mahututi aachwe. Tunasema asiyeonekana naye ahesabiwe.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na Zanzibar tuna Mfuko wa Huduma za Afya. Tuwaulize viongozi wetu, kwa adabu na bila kuchoka: kipimo na dawa ya homa ya ini vimo? Nauli ya rufaa je?

Nanyi, enyi wazazi, kapimeni na mwakamilishie watoto chanjo. Mwenye jamaa Newala au Masasi ampigie simu leo, amwambie naye akapime.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie uadilifu kwa tunaowajua na tusiowajua. Amin.