"Leta Blanketi" Si Matibabu

Kama umewahi kungoja matatu pale Kyumbi saa kumi na moja asubuhi, mwezi wa saba, unajua baridi ya hapo haina adabu. Unajikunja, unasugua mikono, unarukaruka. Sasa chukulia huwezi hata kujikunja. Nusu ya mwili imekufa ganzi, umelazwa karibu uchi, umepakwa dawa baridi, tumbo liko wazi. Hiyo ndiyo thieta.

Dadangu alijifungua kwa upasuaji mwaka jana, hospitali siitaji. Alitoka akitetemeka mpaka kitanda kinalia, meno yanagongana, mtoto hawezi kumshika. Mwaitu akauliza kuna nini. Akajibiwa, "Ni kawaida mama, leta blanketi." Akafungua leso kiunoni, akamfunika nayo.

Hiyo "ni kawaida" ndiyo imenikasirisha hadi leo. Hata malaria ni kawaida, na inatibiwa!

Ganzi hufungua mishipa ya damu. Joto la kifuani na tumboni linakimbilia mikono na miguu, linapotelea huko. Saa moja ya kwanza tu, mwili unaweza kushuka digrii moja au moja na nusu. Ukiwa chini ya 36, damu inachelewa kuganda na kidonda kinapata shida kupigana na viini. Utafiti mmoja wa 1996, wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo: waliopashwa joto, 6 kwa kila 100 walipata maambukizi ya kidonda. Walioachwa wapoe, 19. Soma hizo namba tena.

Blanketi haina moto, wasee. Inatunza joto ulilo nalo, na huyu tayari limemtoka. Mashine yenyewe si roketi: feni, hita, na bomba linalopuliza hewa ya moto ndani ya shuka jepesi lenye vitundu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vifaa vya kupasha wagonjwa joto wakati wa upasuaji tangu 2016. (Na usiniambie chupa ya maji moto. Mtu mwenye ganzi hasikii akiungua.)

Mtasema pesa hakuna. Sawa, lakini tuongee ukweli wote: ujanja hauko kwa mashine, uko kwa yale mashuka, kwa sababu yametengenezwa ya kutumika mara moja. Kaunti ikinunua mashine, ikatwe utepe, picha zipigwe, halafu mashuka yaishe mwezi wa pili, umebaki na feni ya bei ghali stoo.

Na si akina mama tu. Mombasa Road inapita hapa kwetu. Magari yakigongana usiku, majeruhi analala kwa lami akivuja damu na kupoa kwa wakati mmoja, na akizidi kupoa ndivyo damu inavyokataa kuganda. Sisi tumetoa simu tunarekodi. Buda, hiyo jaketi umevaa ya nini? Mfunike, na kama kuna njia salama, weka kitu kati yake na lami.

Siku kaunti itaita watu watoe maoni ya bajeti, mimi nitakuwa hapo na swali moja: thieta ngapi ziko na mashine ya kupasha joto, na mashuka yake yametengewa pesa ngapi kwa mwaka? Nani anakuja?