Askari Aijue Ngozi Kabla ya Kutoa Fedha Yake

Ni watu wachache katika nchi hii wanaoijua ngozi kama askari. Tangu siku za mwanzo za mafunzo yake hukabidhiwa buti na mshipi, na ole wake atakayefika gwarideni buti zake zikiwa hazing'ari. Huijua ngozi ikilowa, ikikauka na ikilainika mguuni. Basi ni jambo la kusikitisha kwamba askari huyo huyo, aingiapo dukani kununua makochi ya nyumba yake, huuacha ujuzi huo mlangoni akaliamini neno la mwuzaji.

Nasema haya kwa sababu yamenipata. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua mkopo katika chama cha akiba, nikanunua seti ya makochi meusi niliyoambiwa kuwa ni ya ngozi halisi. Kabla mkopo haujaisha makochi yalianza kujivua magamba kama nyoka. Mgeni akiinuka, aliondoka na vipande vyeusi mgongoni, nami nikaona haya. Nilipomrudia mwuzaji alinionyesha risiti: imeandikwa “makochi”, wala neno ngozi halimo. Mshahara wangu uliendelea kukatwa.

Ndugu askari, neno hili ngozi hutumiwa kufunika mambo mengi. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na kiwandani hupasuliwa kwa mashine kuwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililoota manyoya, ndilo lenye nyuzi zilizosongamana na nguvu nyingi. Uso wake ukiachwa kama ulivyo, pamoja na makovu ya miiba na kupe, hiyo ndiyo ngozi bora. Ya pili ni ile iliyosuguliwa usoni ili kuondoa alama, kisha ikapakwa rangi na kupigwa chapa. Hii si laini kama ya kwanza, lakini ni ngozi ya kweli na husafishika kwa urahisi. Ya tatu ni tabaka la chini, lisilo na uso wake wa asili, ambalo hupakwa utando wa plastiki ili lifanane na la juu.

Ya nne ndiyo iliyonipata mimi. Mabaki ya viwandani husagwa, yakachanganywa na gundi, yakabandikwa juu ya kitambaa na kupakwa poliyurethani, yaani aina ya plastiki. Joto na unyevu huuvunja utando huo polepole, nasi tunaoishi karibu na Ziwa Victoria tunavyo vyote viwili. Ama reksini, hiyo haina ngozi hata chembe.

Mtu atauliza: nitaitambuaje? Ninajibu: ikague kama afande anavyokagua kikosi. Kwanza tazama uso. Matundu ya vinyweleo vya ngozi halisi hayalingani. Mchoro ukijirudia sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, hiyo ni kazi ya mashine. Pili, bonyeza kwa kidole. Ngozi nzuri hufanya mikunjo midogo inayotawanyika. Tatu, fungua zipu ya mto utazame upande wa nyuma. Ngozi ina nyuzi nyuzi kama za buti yako kwa ndani. Ukikuta kitambaa kilichofumwa, tia shaka. Nne, mwombe fundi kipande kilichobaki mkakichome nje ya duka. Ngozi hunuka kama nywele zilizoungua, na plastiki huyeyuka. Usiitegemee harufu ya dukani peke yake, maana harufu hunyunyizwa. Mwisho, uliza ni sehemu zipi zenye ngozi, kwa kuwa makochi mengi huwa na ngozi pale pa kukalia tu, na ubavuni na mgongoni ni reksini. Jibu utakalopewa liandikwe kwenye risiti.

Wako watakaosema kwamba ngozi bora ni ya wenye vyeo, na koplo hana haja ya elimu hii. Nakataa. Mwenye fedha kidogo ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Wala hakuna aibu kununua reksini ukijua kuwa ni reksini, na kwa bei ya reksini. Tena askari huhamishwa, na makochi yake hupakiwa na kupakuliwa kwenye lori mara kwa mara. Ningemshauri atafute kwanza mbao imara na sponji nzuri, kisha avalishe kitambaa kigumu. Kikichakaa, fundi wa Nsambya au wa mji wowote atakibadilisha. Kochi la mbao mbovu halifai hata likivikwa ngozi bora.

Hata hivyo mzigo huu usiachiwe mnunuzi peke yake. Huko Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa mwongozo mwaka 1996 kwamba bidhaa ya ngozi iliyosagwa isiuzwe kana kwamba ni ngozi kamili. Ulaya nako, kiwango cha EN 15987 kimeweka mpaka: utando wa juu ukizidi milimita 0.15, kitu hicho hakistahili kuitwa ngozi tu. Shirika letu la Viwango la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, lina kazi ya kumlinda mnunuzi. Ni maoni yangu kwamba lihakikishe hakuna kochi linalouzwa kwa jina la ngozi bila kibandiko kinachoeleza ni ngozi ya namna gani. Askari polisi naye aielewe elimu hii, kwani mwananchi aliyedanganywa akifika kituoni, asikute afisa anayedhani kuwa kila cheusi king'aacho ni ngozi.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwuzaji akisifu mno, wewe fungua zipu. Fedha ya askari hutokana na lindo la usiku na mvua ya porini. Haifai kuishia katika magamba yanayofagiliwa sebuleni kila asubuhi.