Panya Wawili wa Kakamega

Najua kwamba kulitaja neno panya katika ukurasa huu, ambao wengi huufungua kwa kutafuta mashairi, kutawafanya baadhi ya wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu wakunje nyuso. Nami ni mmoja wao. Nimezaliwa katika nyumba ya dari ya boriti, nikalala miaka mingi nikiwasikia panya wakikimbizana juu ya kichwa changu, na sikupata kuwatakia heri hata siku moja. Lakini yaliyonikuta Kakamega yamenikaa moyoni, na nisipoyasema sitatulia.

Nalikwenda huko kumzuru mpwa wangu, aliyeolewa upande wa Mumias na sasa anasomesha mjini Kakamega. (Wapwani wenzangu wanaodhani kuwa bara hakuna Uislamu na wafike Mumias, walikopiga kambi wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na ambako Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu.) Mvua ya alasiri ilikuwa ikinyesha kama ilivyo desturi ya mji ule. Hata koti sijavua, mjukuu wangu wa miaka tisa akanishika mkono akanipeleka barazani. Hapo palikuwa na tundu la waya, na ndani yake panya wawili weupe, macho mekundu, wamelala mmoja juu ya mwenziwe.

Kisa chenyewe ni kwamba mpangaji wa nyumba ya jirani alihama ghafula, akaliacha tundu nyuma ya mlango uliofungwa. Viumbe wale wakakaa siku kadhaa bila maji. Mwenye nyumba alipofungua, shauri lake lilikuwa moja tu: kuwatumbukiza chooni. Mtoto akalia. Mama yake akaona huruma, lakini akatia sharti kwamba atatwaliwa mmoja, na wa pili atajulikana la kufanywa.

"Mjomba, wewe umesoma chuoni," akaniambia. "Tuamulie. Mmoja si atosha?"

Nikaanza na yale niliyoyahifadhi kwa bakora. Mtume (S.A.W.) alimtaja panya pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mkali katika viumbe vitano viharibifu viuawavyo hata ndani ya Haram. Tena alituusia kuzima taa tulalapo, maana panya huenda akaukokota utambi akawachomea watu nyumba. Kutokana na mafundisho kama haya, wako wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wasioona kuwa yafaa kumfuga kiumbe wa namna hii. Basi msomaji asinisingizie kuwa nawahimiza watu wakanunue panya. Lau mpwa wangu ndiye aliyewanunua, ningemkanya.

Lakini hawa hakuwanunua. Amewakuta wamekwisha kufungwa, na aliyewafunga amekwenda zake. Hapa suala lageuka, kwani sote twamjua yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia riziki. Na panya hawa ukiwaachia? Panya mweupe aliyezaliwa tunduni hafiki jioni katika mji ule. Paka na mwewe watamwona kama waonavyo kanzu juani. Huko ni kumuua kwa mkono wa mwingine. Ama kuwaua wenyewe, sheria haikatazi. Lakini sheria hiyo hiyo yatutaka hata tuuapo tuue kwa wema, na sijui ni wema gani ulioko ndani ya shimo la choo.

Likabaki hilo la mmoja au wawili. Nikamkumbusha mpwa wangu habari ya Masahaba waliokuwa safarini wakachukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akawa anapigapiga mbawa juu ya vichwa vyao. Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Atasema msemaji kwamba ndege ni ndege na panya ni panya. Mimi pia nalisema hivyo, mpaka niliposoma jaribio lililotangazwa mwaka 2011 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walimfungia panya mmoja katika mrija mwembamba, wakamwacha mwenziwe aliyezoeana naye akizunguka nje. Yule wa nje alihangaika siku baada ya siku hata akajua kuufungua mlango. Wakamwekea chokoleti ndani ya mrija mwingine. Akaifungua chokoleti, na mwenziwe pia akamfungua, na mara nyingi akambakishia. Ni ndugu wangapi waliogawana mirathi ya baba yao kwa moyo kama huo?

Na wanaocheka bado, Morogoro si mbali. Shirika la APOPO, lililoanza Ubelgiji na kuhamia Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2000, huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu 71 na silaha nyingine 38 zisizolipuka. Mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya Uingereza, na mwaka uliofuata akastaafu kwa heshima. Nawajua wastaafu hapa Mombasa wasiopata hata saa ya ukutani.

Buku si panya mweupe, na panya mweupe si yule wa darini kwetu, ambaye mifupa ya babu zake imefukuliwa Unguja Ukuu, na ambaye pengine alishuka kutoka vyombo vile vile vilivyotuletea wageni wetu wa kale. Mweupe ni mtoto wa maabara. Wazee wake wamelelewa na watu kwa zaidi ya miaka 100. Akiwa hai mwili wake ni tohara katika madhehebu yetu, lakini kinyesi na mkojo wake ni najisi. Kwa hiyo nikaagiza tundu likae mbali na jiko na mswala, na mtoto anawe mikono kila amshikapo. Panya wa mwituni wasilikaribie, kwa ajili ya maradhi. Bwana mmoja wa mifugo alikwisha kuwatazama, akasema wote ni wa kike. Alhamdulillahi, maana lau mmoja angekuwa dume, baada ya wiki tatu tungekuwa tunazungumzia panya kumi na wawili, nami ningepanda basi nisirudi.

Mpwa wangu akakubali wawili. Alfajiri ya siku ya kuondoka, nilipotoka kutawadha, nikapita barazani. Mmoja alikuwa akimchambua mwenziwe nyuma ya sikio, polepole, kama dada amsukaye nduguye. Mpwa wangu alikuwa amechutama akibadilisha maji.

"Mjomba," akasema, "naambiwa hawapiti miaka mitatu. Mmoja akitangulia?"

Nikamwambia asimwache yule wa pili peke yake. Mtoto na akae naye kila jioni baada ya magharibi, mpaka naye siku zake zitimie. Akanyamaza. Kisha akajaza kikombe, akafunga mlango wa tundu, akaenda kuniwekea chai ya safari.