Sanaa ya Wazo na Mkono wa Fundi

Hoja kwamba wazo pekee latosha kuwa sanaa hujengwa mara nyingi juu ya kisa cha Marcel Duchamp. Mwaka 1917, mjini New York, chombo cha kukojolea cha kauri kilichonunuliwa dukani kililazwa chali, kikatiwa saini ya “R. Mutt”, kikapelekwa katika maonyesho yaliyoahidi kupokea kazi za kila mwanachama aliyelipa ada. Kilikataliwa. Baadaye kikapotea, ikabaki picha iliyopigwa na Alfred Stieglitz.

Watetezi wa hoja hiyo huipitia haraka sehemu inayofuata. Mwaka 1964 Duchamp aliidhinisha nakala, nazo zilifinyangwa kwa kuifuata picha ile. Basi kifaa kilichosifiwa kwa kutofanyizwa na msanii kikawa kazi ya mikono, tena mikono ya mafundi ambao wahakiki hawawataji.

Kwa Kiswahili suala hili si dogo. Neno sanaa, lenye asili ya Kiarabu, limebeba maana ya ufundi. Mitaani, hasa Tanzania, “usanii” umekuwa jina la ulaghai. Mhakiki anayeandika “sanaa dhana” huku akimficha mfinyanzi anaithibitisha dhihaka hiyo, ilhali ushahidi wa kuikanusha anao mkononi.