Kabla Hujatuma Pesa ya Ekseli

Wengi wetu tulioko nje tuna gari kijijini ambalo hatuliendeshi ila tunalilipia. Kwetu ni Toyota Hilux ya zamani, fowili, inayobeba kabichi na viazi kutoka vijiji vya Mlalo hadi Lushoto mjini. Pikapu hiyo ikilala gereji, ada za shule za watoto watatu nazo zinalala.

Kabla ya masika difu ya nyuma ilianza kulia, kisha ikasaga meno. Mjomba akanitumia ujumbe wa sauti: fundi amepata ekseli nzima ya nyuma, imetolewa kwenye Hilux iliyopata ajali, bei ni nzuri, na mwenye nayo anataka pesa leo. "Mpwa wangu, hii ni Hilux kwa Hilux, inaingia bila shida."

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, si makanika. Ninachojua kuhusu pikapu nilikipata utotoni nikimshikia mjomba tochi chini ya gari, na baadaye kwenye kitabu chake cha ufundi. Lakini kuna jambo la wodini linalofaa hata gereji. Damu zote ni nyekundu, ila kabla mfuko haujaunganishwa kwa mgonjwa tunalinganisha kundi, jina na namba. Ekseli nayo ina kundi lake.

Kundi hilo ni uwiano wa difu. Ndani ya difu kuna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, na krauni, gia kubwa inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, propela huzunguka mara 4.1 ili magurudumu yazunguke mara moja. Krauni ya meno 39 kwa pinioni ya meno 8 inatoa karibu 4.88. Hilux zimetoka kiwandani na uwiano tofauti tofauti, na kwa macho ekseli zake zinaweza kufanana kama mapacha.

Kwenye lami huenda dereva asigundue kosa, kwa kuwa magurudumu ya nyuma pekee ndiyo yanayosukuma. Atasikia injini ikipiga kelele zaidi na mafuta yakiisha upesi, na mshale wa mwendo utasoma 100 wakati gari linakwenda 84. Balaa ni siku ya tope. Akiingiza fowili, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa zizunguke sawasawa. Mbele ikiwa 4.1 na nyuma 4.88, magurudumu ya mbele yanalazimishwa kwenda kasi zaidi ya yale ya nyuma kwa karibu asilimia 19. Lazima kitu kiachie: ama tairi iteleze, ama kitu kivunjike ndani ya transfa au difu. Na wanaoijua milima ya Usambara wanajua kwamba juu ya mzigo wa kabichi huwa kuna watu wamekaa.

Kwa hiyo nilimwomba mjomba mambo matatu kabla ya kutuma chochote.

Kwanza, picha ya kibati cha chasisi cha gari letu, pale palipoandikwa TRANS/AXLE. Msimbo wa hapo unaonyesha ekseli iliyotoka nayo kiwandani.

Pili, ekseli inayouzwa ihesabiwe, maana kibati hakionyeshi kilichobadilishwa baadaye. Kwa difu ya kawaida, isiyo na loki, zuia gurudumu moja, zungusha la pili mizunguko miwili kamili, na uhesabu mizunguko ya pale propela inapofungwa. Minne na kidogo ni 4.1. Ikikaribia mitano ni 4.88. Fanya hivyo hivyo kwa ekseli ya mbele ya gari lako.

Tatu, oili imwagwe kwenye chombo safi. Ungaunga wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma si kawaida. Oili nyeupe kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia.

Mjomba hakufurahi. "Ulaya imekufundisha kutomwamini fundi wangu?" Maneno hayo yaliniuma, na najua wengi wenu mmewahi kuambiwa mfano wake. Ukituma bila kuuliza, wewe ni mtoto mwema. Ukiuliza, una dharau. Nilimjibu: "Mjomba, shikamoo. Kazini kwangu wauguzi wawili husoma mfuko mmoja wa damu kwa sauti, na hakuna anayemwona mwenzake mwizi. Tunasoma kwa ajili ya aliyelala kitandani."

Siku ya pili fundi alihesabu. Ilikaribia mitano. Ya kwetu, mbele na nyuma, ni 4.1.

Ekseli ile hatukuinunua. Pikapu ilikaa siku tisa zaidi, na kabichi zikasafiri kwa gari la kukodi, jambo lililotugharimu. Kisha fundi huyo huyo akapata difu peke yake ya 4.1. Kwenye Hilux yetu difu ya nyuma hutoka nzima shafti zikishavutwa, hivyo ganda la ekseli na breki zetu zilibaki pale pale. Ilikuwa nafuu kuliko ekseli nzima. Niliongeza pesa ya sili mpya, beringi za magurudumu na oili ya difu, kwa sababu ukishavuta shafti ni uchoyo kurudisha sili iliyochoka.

Siku hizi mjomba akiniambia spea imepatikana, ananitajia hesabu ya meno kabla ya bei. Nanyi mkiletewa habari ya ekseli ya bei poa, ulizeni meno kwanza. Pesa ya simu inafika kwa dakika moja, lakini kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Tuonane mwezi ujao, panapo majaliwa.